MWANAFUNZI SI GUNIA LA MKAA, AULIZWE!

Ndugu msomaji, kaa kwenye kijiwe chochote cha mjini, iwe Manzese, Kariakoo, Mwanjelwa au Kirumba, kisha uwaulize vijana waliomaliza sekondari swali moja dogo: ulisoma nini? Ni wachache watakaokujibu kuwa walichagua. Wengi watatumia neno moja tu. Nilipangiwa.

Nilipangiwa shule. Nilipangiwa mchepuo. Nilipangiwa kombi. Nilipangiwa chuo. Kijana wa nchi hii anapangwa kama magunia ya mkaa kwenye fuso. La chini halijui kwa nini liko chini, la juu halijui kwa nini liko juu, na hakuna hata moja lililoulizwa linapelekwa soko gani.

Halafu siku ya kumaliza, cheti mkononi, kijana anasubiri apangiwe na kazi. Hapangiwi! Hapo ndipo wakubwa wanapopanda jukwaani, wanakohoa, wanamwambia: jiajiri, kuwa mbunifu, acha kuchagua kazi. Mtu ambaye kwa miaka 11 darasani hakuruhusiwa kuchagua chochote, leo anaambiwa aache kuchagua! Neno lenyewe analisikia kwa mara ya kwanza, na analisikia kama tusi.

Wiki hii tunasema imetosha. Mwanafunzi wa sekondari ana akili na ana haki, na yeye ndiye atakayeishi na matokeo ya hayo masomo. Aulizwe anataka kusoma nini, na jibu lake liwe na uzito.

MKATABA ULIOVUNJIKA

Tuwe wakweli. Zamani kupangiwa kulikuwa na maana yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilikuwa mwajiri mkuu. Kijana aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi wizarani, kwenye shirika la umma au shuleni. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika na Serikali ilijua inahitaji wangapi wa fani gani. Ilikupangia masomo, na mwisho wa safari ikakupangia na meza. Ulinung'unika, lakini ulikula.

Kuanzia miaka ya 1990 mambo yakageuka. Mashirika ya umma yakabinafsishwa, ajira serikalini zikapunguzwa, na yule mwajiri mkuu akafunga mlango. Hatuandiki haya kumlilia aliyekufa. Tunachouliza ni kitu kimoja: kama Serikali imeacha kumpangia kijana kazi, kwa nini bado inang'ang'ania kumpangia masomo? Mkataba ulikuwa wa pande mbili. Upande mmoja umevunja sehemu yake, lakini unadai mwingine aendelee kutii.

Anayebeba hasara ndiye anayepaswa kuwa na sauti. Ukisoma kitu kisichokufaa, mwalimu wa taaluma hatapungukiwa na mshahara wala ofisa elimu hatahama nyumba. Wewe ndiye utakayekaa barazani kwa mama ukiwa na miaka 25, unaomba nauli.

YALIYOMKUTA MWANDISHI

Mwandishi wa mistari hii hasimuliwi. Amemaliza kidato cha nne katika shule moja ya kata ambayo hatutaitaja. Mwanzoni mwa kidato cha tatu, mwalimu alikuja darasani na karatasi. Akasoma majina. Hawa sayansi, hawa sanaa. Kwisha! Haikuchukua hata dakika 10.

Mimi nilikuwa nataka biashara. Baba alikuwa na meza ya mitumba sokoni, na kila jioni nilimsaidia kuandika waliokopa na waliolipa. Nilipenda ile kazi ya kuona hesabu zikikubaliana. Nilinyoosha mkono nikauliza kama naweza kusoma utunzaji wa mahesabu. Jibu lilikuwa kwamba mwalimu wa somo hilo alihamishwa mwaka uliopita, na kwamba nikae chini. Nikakaa. Nimejifunza kutunza vitabu vya hesabu miaka mitatu baadaye, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyenihurumia.

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa fundi wa kuzaliwa. Redio ya mwalimu ikiharibika, ilikuja kwake. Lakini alikuwa na alama mbaya za Hisabati, kwa hiyo karatasi ikamsoma sanaa. Fizikia akaiacha pale pale, akiwa na miaka 16. Leo anatengeneza simu Kariakoo na anaheshimika. Usiku anasoma kitabu cha Fizikia cha kidato cha tatu alichonunua kwa wauza vitabu vya mkononi, kwa sababu anataka kuelewa umeme anaoucheza kila siku. Alitaka chuo cha ufundi wa elektroniki. Mlango ulifungwa siku ile, kwa dakika 10 zile.

Msomaji, hesabu mwenyewe ni dakika 10 ngapi za namna hiyo zimepita katika shule za nchi hii.

MAAMUZI YA JUU, MAUMIVU YA CHINI

Tatizo halikuanza na mwalimu yule mwenye karatasi. Naye alikuwa anatii. Elimu yetu kwa muda mrefu imekuwa kiwanja cha wakubwa kufanyia majaribio, na wanaojaribiwa hawana taarifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja. Waziri mwingine alipoingia, zikatenganishwa. Mwaka 2014 madaraja ya mtihani yakabadilishwa kwenda mfumo wa GPA. Mapema mwaka 2016 waziri mwingine tena akaufuta, divisheni zikarudi. Kila mara kulikuwa na kundi la wanafunzi lililoanza safari kwa basi moja na kushushwa kwenye basi jingine njiani. Nani aliwauliza?

Na nani amesahau Februari ya mwaka 2013? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya watahiniwa 240,000 walikuwa wamepata sifuri, sawa na asilimia 60 hivi. Nchi nzima ilishika kichwa. Wiki chache kabla ya hapo, James Mbatia, mbunge wa NCCR-Mageuzi, alikuwa amepeleka Bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, akihoji hata mtaala wenyewe uko wapi. Hoja ikapigwa chini kwa wingi wa viti. Matokeo yakaja kusema yale ambayo wingi wa viti ulikataa kuyasikia. Ndipo ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na sifuri zikapungua kwenye karatasi. Je, kuna mwanafunzi aliyepata maarifa hata chembe kwa kupangiwa alama upya?

Hatusemi kuwa vijana wale walifeli kwa sababu tu hawakuchagua masomo. Walimu walikuwa pungufu, vitabu vilikuwa haba, maabara zilikuwa majengo matupu, na lugha ya kufundishia ilikuwa ukuta. Lakini tunasema hivi: mtoto asiye na mwalimu, asiye na kitabu, na juu yake analazimishwa somo asilolitaka, ataegemea nini? Hata ile hamu ya kujikokota mwenyewe ameshanyang'anywa.

TAHASUSI 65, SHULE INA TATU

Watatuambia kuwa tumelala, mambo yamebadilika. Ni kweli, yapo yaliyobadilika na tunayataja bila choyo. Mhitimu wa kidato cha nne siku hizi anapewa nafasi ya kubadili machaguo yake kwa njia ya mtandao baada ya kuona matokeo. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikaungana na zile 16 za zamani na kufikisha 65. Zimo za sayansi, lugha, biashara, sayansi ya jamii, sanaa, michezo na hata elimu ya dini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, na mkondo wa amali ulianza kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule chache.

Karatasi ni nzuri. Lakini karatasi haifundishi. Tahasusi 65 za nini kama shule uliyopangiwa ina tatu? Ni sawa na kuingia mgahawani ukapewa orodha ya vyakula 65, kisha mhudumu akakwambia leo kuna ugali na maharage. Mwenye njaa atakula, lakini usimwambie amechagua.

Na huo mkondo wa amali tunauangalia kwa jicho la pembeni. Ufundi si aibu, na sisi wa mjini tunajua fundi mzuri wa magari anavyomzidi karani kipato. Hofu yetu ni kwamba atakayepelekwa amali atakuwa mtoto wa mlalahoi, apende asipende, na mtoto wa kigogo ataendelea na mkondo wa jumla mpaka chuo kikuu cha nje. Historia tunayo. Katika miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Wazo lilikuwa jema. Lakini mwanafunzi alipata mchepuo wa shule aliyopelekwa, hata kama kipaji chake kilikuwa kwingine. Tukirudia kosa lile kwa jina jipya, tutakuwa tumebadilisha kibao cha mlangoni tu.

Majirani zetu Kenya wameachana na 8-4-4 hatua kwa hatua. Kundi lao la kwanza la Gredi ya 10, la Januari 2026, liliwekewa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Mwaka 2025 wanafunzi walitakiwa kujaza wenyewe masomo na shule wanazozitaka. Uhaba wa walimu na maabara uko kule pia, hatusemi wamefika peponi. Ila kule mtoto wa miaka 14 au 15 aliwekewa fomu mbele yake na taifa likamwuliza: wewe unataka nini?

MWALIMU ALISHASEMA

Kwa wale wanaodhani kumsikiliza mwanafunzi ni ugonjwa wa kizungu, tunawakumbusha waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea. Wanaupigia makofi kila Oktoba 14. Wanausoma?

Mwalimu alitaka elimu impe kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwaiga kama kasuku, na kujiamini. Na hakuishia kwenye maneno matamu. Alipozungumzia mashamba ya shule, alisema wanafunzi wenyewe washiriki kuamua. Alitoa mfano wa fedha walizozivuna: je, wakodi trekta, au wazitumie kwa jambo jingine la shamba au la shule? Wanafunzi waamue, na waone matokeo ya uamuzi wao. Hayo ni ya 1967! Leo mwanafunzi haulizwi hata kuhusu kitabu cha fasihi atakachosoma.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sasa kama masomo ya sekondari hayagusi ustawi wa mtoto, basi watuambie kinachougusa ni kitu gani. Dakika 10 za karatasi ni uvunjaji wa sheria, hata kama hakuna polisi atakayekuja.

CHAGUO ANALO ALIYEFELI!

Kuna kioja kimoja ambacho vijana wa tuisheni mnakijua vizuri. Aliyepata sifuri akiamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, anakaa chini anajipima. Nirudie yapi? Niache yapi? Anatafuta kituo, anasikiliza mwalimu siku mbili, akiona haeleweki anahamia kituo kingine. Anapanga ratiba yake kati ya kazi ya kubeba mizigo na kipindi cha jioni. Anajilipia. Na wapo wanaofaulu masomo yale yale waliyopata F wakiwa na sare.

Wapo wasiofaulu pia, na tunawapa pole. Lakini tazameni mantiki ya nchi hii. Uhuru wa kuchagua masomo tunampa kijana baada ya kumwangusha. Akiwa bado shuleni, ana mwalimu, ana muda na ana umri, tunamnyima. Tunasubiri aharibikiwe ndipo tumwamini. Hii ni akili gani?

WANAOPINGA WANASEMAJE

Wapo watakaosema watoto watakimbilia masomo rahisi na nchi itakosa madaktari na wahandisi. Tunajibu: yawepo masomo ya msingi kwa wote. Kiswahili, Kiingereza na Hisabati hakuna atakayeviruka, na vidato viwili vya kwanza kila mtu aonje kila kitu, sayansi pamoja na biashara na ufundi. Kuchagua bila kuonja ni bahati nasibu. Lakini pia tujiulize, huu utaratibu wa kulazimisha umetupa wahandisi wangapi? Mwaka nenda mwaka rudi Hisabati ndiyo inayoongoza kwa kufelisha, na ni ya lazima kwa wote. Lazima pekee haijazaa kitu.

Wengine watasema kijana wa miaka 15 hajui anachotaka. Ni kweli, wengi hawajui. Basi asaidiwe kujua, na akikosea aruhusiwe kurekebisha. Umri huo huo vijijini anaachiwa ng'ombe wa familia nzima. Mjini anaachiwa duka. Tunamwamini na mali yetu, hatumwamini na akili yake?

Na wapo watakaosema hakuna fedha. Hili ndilo jibu lao la siku zote. Fedha za magari ya wakubwa zipo. Lakini hata tukikubali kuwa mfuko ni mdogo, yapo mengi yasiyohitaji mfuko.

TUNATAKA HAYA

Kwanza, mwanafunzi asiingizwe mchepuo wala mkondo wowote kabla ya kukaa na mwalimu na mzazi wake, akasema anachotaka na kikaandikwa. Akikataliwa, aelezwe sababu. Na apewe muhula mmoja wa kubadili.

Pili, kila shule ibandike hadharani ina walimu wangapi kwa kila somo, ina maabara gani na karakana gani, kabla watoto hawajajaza machaguo. Hata muuza nyanya anapanga nyanya zake mnunuzi azione.

Tatu, shule za kata zilizo jirani zishirikiane. Huyu ana mwalimu wa biashara, yule ana maabara ya Kemia. Mchana au Jumamosi wanafunzi wa huku wakasome kule. Mjini shule nyingi zinatenganishwa na nauli ya daladala moja, nyingine na ukuta tu.

Nne, kila shule iwe na mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi ili afanye kazi hiyo. Siku hizi wengi wanapewa cheo hicho juu ya vipindi vyao vyote, na mwanafunzi anayetaka ushauri anaupata mlangoni, mwalimu akiwa anakimbilia darasa jingine.

Tano, mlango wa amali na wa jumla ufunguke pande zote mbili. Fundi akitaka kurudi kwenye Fizikia ya darasani, arudi. Wa darasani akitaka karakana, aende.

Sita, uamuzi mdogo mdogo uanze kesho asubuhi. Orodha ya vitabu teule vya fasihi ina vitabu kadhaa. Darasa lipige kura lisome kipi kati ya vilivyopo shuleni. Kazi ya mradi, mwanafunzi achague mada. Baraza la wanafunzi lichaguliwe kwa kura, lisiteuliwe na walimu, na lisikilizwe na bodi ya shule kuhusu ratiba na masomo. Hayo yanagharimu shilingi ngapi?

KWAKO KIJANA

Tunajua utasema: mimi nimeshamaliza, yananihusu nini? Yanakuhusu. Una mdogo wako kidato cha pili. Mwakani atasomewa ile karatasi. Baba yuko kazini mpaka usiku, mama hajui tahasusi ni mnyama gani. Wewe unajua, kwa sababu ilikuuma.

Basi kaa naye wiki hii. Muulize anapenda nini na anaweza nini. Nenda naye shuleni, uliza kwa heshima mwalimu wa taaluma wanapanga vipi. Kikao cha wazazi kikiitwa, nenda, hata kama wewe ni kaka tu. Diwani akija kuomba kura, muulize shule ya kata yake ina mwalimu wa biashara au hana, na usikubali kufungwa mdomo kwa kofia na fulana. Mbunge naye aulizwe zile tahasusi 65, ngapi ziko jimboni kwake.

Wakubwa wamezoea kwamba mtu wa chini hupangiwa. Amepangiwa darasani, kwa hiyo akitoka anasubiri kupangiwa mtaani, na siku ya uchaguzi anasubiri apangiwe hata wa kumchagua. Huenda ndiyo sababu hawana haraka ya kubadilisha. Aliyezoea kuulizwa anataka nini tangu akiwa na miaka 14 hatakubali kirahisi kuburuzwa akiwa na miaka 40.

Mkaa haujibu ukipangwa. Mdogo wako ana mdomo. Aulizwe, na asikilizwe!